Mvua, Mikono na Diski Moja

Tarehe 2 Machi

Mvua imeanza. Nimefika kazini viatu nimevishika mkononi na suruali imelowa mpaka magotini. Fundi wetu wa umeme, ambaye kila mtu anamwita Waya, alikuwa juu ya ngazi akibandika nailoni kwenye dari.

"Dada, mwaka huu tutaogelea."

"Ziba kwanza juu ya diski. Sisi tukilowa tutakauka."

Diski yenyewe ni boksi jeusi la chuma chini ya meza yangu, si kubwa kuliko mkate. Ndani yake mna kazi yote ya kituo hiki: kamusi ya lugha ya alama, neno kwa neno, pamoja na maongezi ya viziwi wazee waliorekodiwa tangu kituo kilipofunguliwa. Wengi wao wameshafariki. Mikono yao imebaki humo tu. Nakala hakuna. Mwezi uliopita niliagiza diski ya pili, na tangu hapo kila gari likipiga honi getini nasimama kuchungulia.

Tarehe 3 Machi

Mkuu wa kituo ameniita. Ni kiziwi tangu kuzaliwa, na jina lake la mkono ni kidole kimoja kwenye kishimo cha kidevu, kwa hiyo humu namwandika Kidevu. Langu ni vidole viwili vinavyopiga mateke. Mama ndiye aliyenipa. Anasema sikutulia tumboni na nje ndiyo kabisa.

Mama naye ni kiziwi, mimi nasikia. Kidevu alipokuwa mtoto hapakuwa na shule ya viziwi huku. Alikuwa akishinda kwenye duka la ushonaji la Mama, na Mama ndiye aliyempa maneno yake ya kwanza maishani. Mpaka leo anamwita Mama. Mimi ananiita dada, lakini amri anazonipa ni za bosi.

Shida yetu ni hii. Kamera mpya inarekodi moja kwa moja kwenye diski, lakini mfumo wa faili wa diski ni wa zamani na haukubali faili kubwa. Mtu akizungumza nusu saa hivi, rekodi inakatika, inaanza faili nyingine, na hapo katikati maneno yanapotea. Mama amerekodiwa mara mbili na mara zote mbili amekatwa pale pale kwenye utamu. Mara ya pili alisimama, akavaa viatu. "Mnamkatiza mtu mzima," akasema. Hajakanyaga tena hapa.

"Badilisha mfumo," Kidevu akaniambia kwa mikono. "Weka mpya."

"Diski ya pili ikija. Nitahamishia kila kitu huko, nitaipanga hii upya, kisha nitarudisha."

"Nimesoma. Inawezekana kubadilisha papo hapo, faili zikiwa humo humo."

"Inawezekana. Hata kuvuka barabara umefumba macho kunawezekana."

Akageukia dirisha. Kwa kiziwi, kukugeuzia uso ni kukufungia mlango. Nimetoka nimefura.

Tarehe 4 Machi

Mvua. Nimeinua diski na kuiweka juu ya matofali.

Tarehe 7 Machi

Kidevu amenipita kwenye korido. Nimempungia mkono kumwamkia, hakuitikia hata kwa nyusi. Ni mara ya tatu au ya nne sasa. Wiki iliyopita alipiga kiti teke mbele za wageni, kiti hakikumkosea lolote, na akaendelea na safari bila kugeuka.

"Cheo kimempanda kichwani," Waya akasema.

Nimecheka. Kisha nikajiona mbaya kwa kucheka. Kisha nikarudi kumkasirikia.

Tarehe 9 Machi

Daraja limekwenda na maji. Lori lenye diski yetu liko ng'ambo, pamoja na malori mengine yote. Nimempigia msafirishaji.

"Dada yangu, hata mimi soksi zangu ziko ng'ambo. Mpaka maji yapungue."

"Lini?"

"Muulize mwenye mvua."

Nikampelekea Kidevu habari. Nilidhani atawaka. Aliketi tu, akakunja mikono kifuani, na kiziwi akikunja mikono ni kama mtu aliyefunga mdomo. Baadaye akaikunjua.

"Basi hatuwezi kungoja."

"Kwa nini? Kamusi imekaa miaka yote hii. Itashindwa kusubiri masika yapite?"

Akawasha taa ya mezani, kisha ile ya ukutani, kisha akafungua pazia hadi mwisho. Kulikuwa kweupe tu, saa nne asubuhi.

Tarehe 12 Machi

Jumapili. Nimeshindwa kukaa. Nimefagia chumba ambacho nilikuwa nimekifagia. Mama alikuwa akitengua pindo la gauni la mteja, akanitazama nikipita mara kwa mara mpaka akachoka, akaweka sindano chini.

"Nini?"

Nikamweleza. Mfumo wa faili ni ile namna diski inavyojua kila kitu kiko wapi, kinaanzia wapi, kinaishia wapi. Vitambaa vyako viko kwenye rafu, nikamwambia, lakini ukisahau mpangilio hutakipata hata kimoja. Sasa Kidevu anataka nibadilishe mpangilio wote, vitambaa vikiwa juu ya rafu, bila kuteremsha hata kimoja.

Mama akafikiri. "Kama kubadilisha bitana ya koti mtu akiwa amelivaa."

"Ndiyo hivyo hivyo."

"Nimewahi kufanya. Bwana harusi, alikuwa amechelewa."

"Ikawaje?"

"Nikamchoma sindano mara mbili, akaenda akaoa."

Nilicheka mpaka nikakaa. Mama hakucheka. Akaniuliza, "Kaka yako anakimbilia nini?"

"Sijui."

"Muulize."

"Nikimuuliza anageuka."

"Zunguka uende aliko uso. Una miguu."

Tarehe 15 Machi

Nimekubali kujaribu. Sikusema nimekubali kubadilisha. Nimekubali kuiuliza programu kama inaweza. Nimekagua diski yote kwanza, kazi ya kutwa nzima. Haina kasoro. Kisha programu ikanijibu kwa mstari mmoja: nafasi haitoshi.

Namna inavyofanya kazi ni kwamba inaandika ramani mpya kwenye sehemu tupu za diski, na ya zamani haiigusi mpaka mwisho kabisa. Ni busara. Lakini diski yetu imejaa hadi shingoni. Lazima kitu kitoke.

Kidevu aliusoma mstari ule akiwa ameinamia skrini, pua karibu iguse kioo.

"Kitoke nini?" nikamuuliza. Ilibidi nimguse bega ndipo anitazame.

"Nitafikiri."

Tarehe 16 Machi

Nimepata wazo kabla yake. Kompyuta za ofisini ni kukuu na zimejaa, lakini kila mtu ana simu. Nimewaita wote: walimu, mpishi, mlinzi, katibu. Kila mmoja abebe wazee wachache kwenye simu yake mpaka kazi iishe.

Wengi wametoa bila maneno. Waya ndiye alinisumbua.

"Simu yangu imejaa, dada."

"Imejaa nini?"

"Magoli."

"Futa."

"Hili la dakika za majeruhi siwezi. Nililiona kwa macho yangu, nilikuwa uwanjani."

"Waya, kuna bibi amefariki anatafuta pa kulala."

Akalitazama goli lile mara ya mwisho, akatikisa kichwa, akafuta. Jioni nimemkuta kibandani kwake anamwangalia yule bibi akionyesha majina ya ndege, na yeye anaiga kwa vidole vyake vya gundi na lami.

Tarehe 17 Machi

Bado haitoshi. Imepungua kidogo tu. Mvua haijakatika tangu jana. Nimeng'ata kucha mpaka hazina mahali pa kung'ata.

Tarehe 19 Machi

Naandika haya kwa hasira au kwa kitu kingine, sijui.

Asubuhi nimekuja kituoni ingawa ni Jumapili, nikawasha kompyuta, nikaiuliza programu tena kwa mazoea, na ikasema nafasi inatosha. Nilifurahi kwa muda wa kumeza mate. Kisha nikajiuliza nafasi imetoka wapi. Nikapitia folda moja baada ya nyingine. Folda yenye alama ya kidevu ilikuwa tupu. Hiyo ndiyo ya kwanza kabisa, ambayo kituo kilianza nayo: Kidevu akiwa kijana, nywele nyingi, akionyesha maneno yote ya msingi. Wazee wote waliokuja baadaye walilinganishwa naye.

Nikaenda ofisini kwake bila kubisha, na kubisha kwa kiziwi kuna maana gani. Alikuwa amesimama dirishani.

"Umejifuta!"

Akaona mikono yangu nusu, nadhani, akageuka kuangalia nje. Nikakumbuka maneno ya Mama. Nikazunguka meza, nikajipenyeza kati yake na dirisha, mgongo wangu ukigusa kioo cha baridi, na nikasema tena, usoni pake.

"Umefuta folda yako. Bila kuniambia. Nani amekuruhusu?"

"Mimi ndiye mkuu."

"Mkuu wa nini? Ile si mali yako! Ile ni ya kituo. Naweza kuirudisha, bado hakijaandikwa kitu juu yake."

"Ukiirudisha, nafasi inaisha tena."

"Iishe! Tungoje mvua ipite. Daraja litajengwa. Unakimbizwa na nani?"

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Akanishika mabega, akanisimamisha sawasawa mbele yake.

"Inua mkono wako wa kulia. Juu ya bega."

Nikainua.

"Siuoni."

Nilidhani ananitania.

"Wa kushoto. Upeleke pembeni. Siuoni. Ushushe chini. Siuoni." Akachukua mikono yangu yote miwili, akaileta katikati, karibu na kidevu changu. "Hapa naiona. Hapa tu. Nakuona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe linazibwa. Daktari wa macho amesema halitafunguka. Hajui litaziba lini. Mwanga ukipungua ndiyo basi kabisa. Mvua hii, dada, kwangu ni usiku."

Yale yote niliyoyaona yakanijia kwa mpigo: kiti, korido, taa na pazia saa nne asubuhi, pua kwenye skrini. Na lile neno langu la kuvuka barabara. Nilitamani ardhi inimeze na matofali yake.

"Hukujua," akasema. Bila shaka aliniona usoni, sehemu hiyo bado anaiona.

"Mama anajua?"

"Hakuna anayejua. Kiziwi asiye na macho, dada. Watu wataniongelesha vipi? Nilitaka nimalize kwanza."

"Umalize nini?"

"Nimewarekodi wazee wa watu wote. Mama yangu mwenyewe nimemkatiza mara mbili. Nataka azungumze mpaka achoke mwenyewe, pasikatike. Na nataka niione rekodi hiyo ningali naona."

"Na folda yako je?"

"Wengine wamekufa, hawawezi kurudia. Mimi nipo, nitarudia. Na kujiona mimi mwenyewe sina haja nako."

Nilitaka kubishana naye. Nilikuwa na maneno mengi. Lakini ningeyasema wapi, zaidi ya pale katikati, kwenye kile kitundu? Nikaona ni dhuluma kukijaza kwa ugomvi. Nikamwambia tu: sawa. Jumatano, mvua ikitupa nafasi.

Tarehe 20 Machi

Leo nimesimama mbele yake kabisa, nikamwamkia. Ameitikia.

Tarehe 22 Machi

Tumejaribu. Ee Mungu.

Asubuhi kulikuwa shwari. Waya alijaza mafuta jenereta, akaliweka tayari nje ya dirisha, na chini ya meza kulikuwa na betri kubwa ya kushikilia umeme ukikatika. Kidevu akaketi kulia kwangu, kisha akahamia mbele, kando ya skrini, nimwone na anione. Nikauliza kwa mara ya mwisho. Akatikisa kichwa kukubali. Nikabonyeza.

Programu ikaanza kukagua. Kisha ikahesabu. Kisha ikaanza kuandika, na mstari mdogo wa kijani ukawa unasogea kwa mwendo wa konokono. Kidevu akaniambia nikae. Nilikuwa nimekaa, ila goti ndilo lilikuwa likicheza na kuitikisa meza.

Mstari ulikuwa umepita nusu mvua iliposhuka kama mtu amemwaga ndoo. Taa zikazima. Betri ikaanza kulia pii, pii. Nikapiga kelele dirishani, "Waya, washa!" Nikamsikia akivuta kamba ya jenereta. Likakohoa. Akavuta tena. Likakohoa. Akatukana. Betri ikaacha kulia pii moja moja, ikalia mfululizo kama king'ora. Kidevu hakusikia lolote kati ya hayo. Aliniangalia usoni, na ninadhani uso wangu ulimwambia kila kitu, kwa sababu alinyoosha mkono akanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu, mpaka kikauma.

Skrini ikawa nyeusi.

Tulikaa gizani. Kwangu lilikuwa giza la wingu tu, nilikuwa naona meza, kalamu, maji yanayochuruzika kwenye kioo. Yeye hakuona hata mikono yangu. Nilitaka kumwambia kitu na sikuwa na namna. Nikampigapiga mgongo wa mkono, taratibu, kama anavyobembelezwa mtoto. Akaniachia kifundo, akafanya vivyo hivyo kwangu.

Waya akaingia, maji yanamtiririka. "Maji yameingia kwenye mafuta. Dada, nisamehe. Niliyafunika, wallahi niliyafunika." Alikuwa karibu kulia.

Umeme ulirudi mchana. Niliwasha kompyuta nikiwa nimesimama, kwa sababu kukaa kulinishinda. Nikafungua diski kwa jicho moja. Programu ikasema: mfumo wa faili, wa zamani. Faili zote zipo. Nikafungua video ya kwanza iliyokuwa mbele yangu. Mzee mmoja mfua vyuma, aliyefariki mwaka juzi, akatokea akiwa mzima wa afya, akaonyesha neno "kijiko".

Nililia kwa ajili ya kijiko.

Nilikuwa nimesoma kwamba ya zamani haiguswi mpaka mwisho. Kichwani nililijua hilo. Tumboni nimelijua leo.

Tarehe 23 Machi

Kidevu amewaita wafanyakazi wote na kuwaambia habari ya macho yake. Mimi ndiye niliyetafsiri kwa sauti kwa wanaosikia. Waya alitazama viatu vyake muda wote.

Tarehe 25 Machi

Mvua. Nimekuta kingo za ngazi zote za kituo zimepakwa rangi nyeupe, na vizingiti vya milango pia. Hakuna aliyeagiza. Nilipomuuliza Waya, alisema rangi ilikuwa imebaki tu. Mimi huyu mtu nilikuwa namwona wa mizaha tu.

Tarehe 27 Machi

Simu ya mpishi imetumbukia kwenye sufuria ya maharage. Maneno yote ya jikoni aliyokuwa amebeba yamekwenda. Amenijia na aproni usoni. Nimemwambia yatarekodiwa upya. Nikarudi chumbani kwangu nikatembea toka mlangoni hadi dirishani, toka dirishani hadi mlangoni, mpaka nikajichosha.

Tarehe 28 Machi

Nimemwambia Mama habari za macho ya Kidevu. Kidevu mwenyewe aliniomba nimwambie, alisema hawezi. Mama alitia uzi kwenye sindano, akautoa, akautia tena.

"Nilijua kuna kitu," akasema. "Amekuwa akija dukani anakaa karibu mno. Nikadhani ananidekea."

Kisha: "Kesho nakuja huko kwenu."

Tarehe 29 Machi

Jua! Kulikuwa na jua tangu asubuhi, na kila mtu amening'iniza nguo.

Waya alikuwa amefungua jenereta lote, akalisafisha kipande kwa kipande, akaliwasha kabla hatujalihitaji, likawa linanguruma nje. Mama aliingia na mkoba wake, akavuta kiti, akauliza ni kipi. Nikamwonyesha boksi. Akaliwekea kiganja juu.

"Linatetemeka."

"Linafanya kazi."

"Basi mimi nitakaa hapa. Likinyamaza nitakwambia."

Nikabonyeza. Kukagua. Kuhesabu. Kuandika. Mama kiganja juu ya boksi, Kidevu ameikodolea skrini, mimi sijui nilikuwa wapi, nadhani nilikuwa kila mahali. Mstari ulipofika nusu nikaacha kupumua. Ulipopita nusu nikatoka nje, nikazunguka jengo, nikarudi. Mwishoni kabisa programu ikaandika kwamba sasa inaondoa ramani ya zamani na kwamba kuanzia hapa mtu asizime. Kutoka hapo hakuna kurudi. Nilimwangalia Kidevu. Alikuwa amefumba macho. Alikuwa ameshika mkono wa Mama ule usiokuwa juu ya boksi.

Ikamaliza. Hivyo tu. Hapakuwa na mlio wala nini. Ubadilishaji umekamilika.

Nikafungua folda moja, nyingine, nyingine. Ndege, mvua, mkwe, deni, homa, kijiko. Wote wako, wanazungumza. Niliwapa Mama na Kidevu dole gumba, kisha nikaona haitoshi, nikawakumbatia wote wawili kwa mpigo, nikambana Mama na mkoba wake.

"Umemchoma sindano ngapi?" Mama akaniuliza.

Tarehe 1 Aprili

Simu zinarudisha wazee. Waya amerudisha wote isipokuwa yule bibi wa ndege. Anaomba abaki naye. Nimemwachia nakala.

Tarehe 5 Aprili

Mvua imerudi kwa kishindo. Mama amesema atarekodiwa Jumamosi, kwamba atavaa gauni la bluu, na kwamba asiwepo mtu wa kumwonyesha saa.

Tarehe 8 Aprili

Tumemrekodi leo.

Waya alifunga na kuwasha taa mbili kubwa za kurekodia. Mama akaketi mbele ya pazia jeusi, gauni la bluu, mikono mapajani. Kidevu akaketi kumkabili, kwa umbali unaotakiwa, nje ya picha, ili Mama awe na mtu wa kumzungumzia. Mimi nyuma ya kamera. Nikawasha.

Mama alianza na siku Kidevu alipoletwa dukani. Mtoto wa kimo cha meza, hana neno hata moja, anauma watu. Mama yake mzazi amemfunga kwa kanga kiunoni asikimbie. "Nikaifungua ile kanga," Mama akasema. "Nikampa mkasi. Watu wakapiga kelele, nadhani, maana niliona midomo imefunguka. Nikamwonyesha: mkasi. Akautazama mkono wangu. Akautazama mkasi. Siku nzima akanionyesha mkasi, mkasi, mkasi. Kila kitu kilikuwa mkasi. Cherehani mkasi, mimi mkasi, paka mkasi."

Kidevu alikuwa akicheka kwa sauti ile yake ambayo haisikii. Nusu saa ikapita. Nilikuwa nimetolea macho ile namba kwenye skrini. Ikafika pale pa kukatika, ikapita, ikaendelea kupanda, na Mama akaendelea kuzungumza bila kujua kwamba amevuka mahali.

Kisha umeme ukakatika. Jenereta likashika mara moja, diski haikutikisika, kamera haikutikisika, lakini taa moja kubwa iliungua. Waya alinifanyia ishara mlangoni kwamba hana nyingine. Chumba kikafifia. Mimi nilikuwa bado namwona Mama vizuri. Kamera pia.

Kidevu hakumwona. Nilijua kwa jinsi alivyonyoosha shingo. Mama alikuwa amefika kwenye habari ya siku Kidevu alipoondoka kwenda shule ya mbali, na Kidevu mwenyewe alikuwa akisogea mbele kwenye kiti, mbele zaidi, mpaka goti lake likagusa goti la Mama na bega lake likaingia kwenye picha. Mama akanyamaza.

"Huoni?"

Kidevu hakuwa ameona swali.

Akanyoosha mikono yake polepole mpaka ikapata ya Mama, akaiweka juu yake, viganja juu ya migongo ya mikono. Mama akaendelea kuzungumza, mikono ya Kidevu ikipanda na kushuka juu ya mikono yake.

Kwenye kioo cha kamera niliona kilichokuwa kikitokea. Maneno ya Mama hayakuonekana tena. Yalikuwa yamefunikwa. Kwa kamusi, rekodi ile ilikuwa imeharibika, na kazi yangu ilikuwa kupiga mguu sakafuni wasikie mtetemo, nisimamishe, tutafute taa, tuanze upya. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe. Nilisimama hivyo muda ambao sijui ni kiasi gani.

Nikaondoa kidole.

Kidevu alikuwa akikosea kusoma kwa kugusa. Alikuwa akitikisa kichwa, akimshika Mama kumsimamisha, akirudia neno kwenye kiganja cha Mama kuuliza kama ndilo. Jasho lilimtoka. Mwisho akaacha, akaangusha mikono mapajani, na nikaona kidevu chake kinachezacheza.

Mama akamshika vifundo. Akamwinulia mikono, akaitikisa ilegee kama mtu anayekung'uta nguo kabla ya kuianika. Akasema maneno yake taratibu ndani ya viganja vya Kidevu, na mimi niliyakisia kwa mabega yake tu: "Mikono mizito. Unaning'ang'ania. Legeza, mwanangu. Tunaanza mwanzo."

Akaiweka mikono ya Kidevu juu ya mikono yake, na akaanza na neno moja tu, fupi, lile la mkasi, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu.

Kamera ilikuwa bado inaandika. Sikuizima.